Mashine ya Gemu Ikizeeka: Fundi au Duka?



Wiki hii sitazungumza juu ya bei ya sukari wala juu ya barabara. Nataka tuzungumze juu ya mashine ya gemu, ile inayounganishwa na televisheni, watoto wakashika pedi mikononi na kupiga kelele kana kwamba wako uwanjani. Najua baadhi yenu, hasa wazee wenzangu, mmeshaanza kunung'unika kwamba jambo hili halituhusu. Mimi nami nilikuwa nikisema hivyo hivyo, mpaka mashine mbili za namna hiyo ziliponigharimu usingizi.

Mdogo wangu wa kike ni mjane. Anaishi Ngamiani, hapa Tanga, pamoja na mwanawe wa kiume aliye kidato cha tatu. Marehemu shemeji yangu alimwachia nyumba yenye chumba kimoja kinachoelekea barabarani, na humo ndani akaacha televisheni mbili, mabenchi manne na mashine mbili za gemu. Huo ndio mradi wao. Kijana akitaka kucheza mpira wa kwenye televisheni hutoa shilingi 500 kwa mechi moja. Mdogo wangu hapokei mtoto aliyevaa sare ya shule, na saa tatu usiku hufunga mlango. Akishatoa umeme na pedi zinazovunjika, kila mashine humwachia kama shilingi 5,000 kwa siku. Mbili ni 10,000. Ndiyo hiyo hununua unga, mafuta, madaftari, na nauli ya kijana kwenda shule na kurudi. Ada ya sekondari serikali iliifuta tangu mwaka 2016, lakini kila mzazi anajua kwamba mtoto haendi shule kwa ada peke yake.

Sasa mashine zile ni za kizazi kilichoingia sokoni mwaka 2013. Zilinunuliwa zikiwa zimeshatumika kwingine. Mwaka jana moja ikaanza kunguruma kama mashine ya kusaga, na mechi ikifika kipindi cha pili inajizima yenyewe. Wateja wakaanza kudai mia tano zao. Mdogo wangu akanijia akasema, "Kaka, wewe ndiye mkubwa wetu, nitafutie fundi."

Hapa, wasikilizaji, nakiri kosa langu mbele yenu. Nilimpata fundi mmoja mwenye maneno mengi. Aliishika mashine, akaipindua mara mbili, na bila kufungua hata skrubu moja akasema, "Mzee, hii mazabodi imekufa. Nitaichoma, itafufuka. Elfu arobaini." Nilitaka kumwuliza kuichoma maana yake nini, lakini mbele yake walikuwapo vijana wengi, nami niliona haya kuonekana mshamba. Nikatoa hela. Jioni mashine ikawaka. Nikarudi Ngamiani nimeinua kichwa kama daktari aliyetoka chumba cha upasuaji.

Ilifanya kazi siku 19. Siku ya 20 haikuwaka tena.

Baadaye ndipo nilipojua kuichoma ni nini, na ni vizuri nanyi mjue, kwa maana neno hilo mtalisikia. Ndani ya mashine kuna ubao mkuu ambao mafundi huuita mazabodi. Juu yake imekaa chipu kubwa inayofanya hesabu zote na kuchora picha. Chipu hiyo imeshikizwa kwa mamia ya vijitone vidogo vya risasi ya kulehemu, visivyoonekana kwa macho mpaka uing'oe. Mashine ikipata moto mkali na kupoa, ikapata moto na kupoa, kwa miaka, sehemu hizo hupata nyufa. Fundi wa kuchoma huchukua bunduki ya hewa ya moto akaielekeza kwenye chipu mpaka vitu vikalegea na kugusana tena. Zamani madini ya kulehemu yalikuwa bati lililochanganywa na risasi, yakiyeyuka kwenye nyuzi 183 za sentigredi. Tangu Julai mwaka 2006, Umoja wa Ulaya ulipozuia risasi katika vifaa vya umeme kwa ajili ya afya, viwanda vingi vilihamia kwenye mchanganyiko usio na risasi, nao huyeyuka karibu na nyuzi 217. Kwa hiyo moto unaohitajika ni mkali zaidi, na bunduki ya hewa iliyoshikwa kwa mkono haina kipimo cha kuaminika. Mashine huamka kwa siku chache, na mara nyingi ikilala tena hailali peke yake, bali imeondoka na chipu nyingine za jirani.

Lakini sikilizeni hesabu yake. Siku 19 kwa shilingi 5,000 ni shilingi 95,000. Ukitoa 40,000 za fundi inabaki 55,000. Mtu anaweza kusema tulipata faida. Hata mimi nilijifariji hivyo kwa wiki nzima. Nikaja kuambiwa na fundi mwingine, aliyeifungua mashine ile mbele yangu, kwamba ilipokuwa ikinguruma haikuwa na ugonjwa wowote wa mazabodi. Ilikuwa imejaa vumbi, na grisi ya kupitishia joto ilikuwa imekauka ikawa kama unga wa chokaa. Ilihitaji kusafishwa tu. Ule moto wa elfu arobaini ndio ulioiua. Tengenezo la ovyo lina gharama mbili. Ya kwanza unailipa siku ile ile. Ya pili huioni mpaka unapotaka tengenezo la kweli ukakuta mlango umeshafungwa.

Ikafika Januari ya mwaka huu, kaskazi imekolea, joto la Tanga mnalijua. Mashine ya pili nayo ikaanza kunguruma.

Safari hii mdogo wangu hakutaka kusikia habari ya fundi. Alikuwa amekwisha kupata mfanyabiashara aliyemwambia kwamba atazichukua mashine zote mbili, nzima na mbovu, kwa shilingi 150,000, na kumpa nyingine mbili za kizazi kile kile, "safi kabisa", kwa shilingi 450,000 kila moja. Kwa hiyo alihitaji nyongeza ya shilingi 750,000. Akanipigia hesabu: "Kaka, siku 75 tu. Mbili zinaingiza elfu kumi kwa siku. Siku 75, deni limekwisha."

Fedha hiyo nilikuwa nayo, lakini ilikuwa imetengwa kwa ajili ya paa langu kabla ya masika. Upande mmoja paa linavuja juu ya kitanda cha mama watoto, na upande wa pili ni ndugu yangu wa tumbo moja anayetafuta unga. Usiku ule nililala nikitazama bati.

Asubuhi nilichukua karatasi. Kosa la kwanza katika hesabu ya mdogo wangu lilikuwa wazi, ila penzi la kitu kipya lilikuwa limemfumba macho. Ile elfu kumi kwa siku ilikuwa na wenyewe: unga, mafuta, nauli. Kama angeitoa yote kulipa deni, wangekula nini siku 75? Kwa kadiri nilivyomjua, angeweza kujinyima shilingi 3,000 kwa siku, basi. Kwa mwendo huo deni ni la siku 250. Na kosa la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Mashine alizotaka kununua nazo zilikuwa za kizazi kile kile, zimetumika miaka ile ile, na hakuna aliyeziona ndani. Angekuwa anauza mgonjwa anayemjua na kununua mgonjwa asiyemjua. Wahenga walisema kipya kinyemi kingawa kidonda, na hiki hata kipya hakikuwa.

Aliyenitoa kwenye mashaka ni mpwa wangu. Nilidhani kijana wa miaka 17 ndiye atakayeshabikia mashine nyingine. Akaniambia polepole, mama yake asisikie, "Mjomba, tusinunue kwanza. Tuifungue hii tuone."

Tukaenda kwa fundi wa pili, mtu wa makamo ambaye meza yake imejaa redio na televisheni. Jambo la kwanza alilolifanya ni kuuliza maswali. Inajizima baada ya dakika ngapi? Inanguruma kwanza au inajizima kimya kimya? Diski inaisoma? Kwenu umeme ukikatika na kurudi mnaichomoa? Kisha akatoa bisibisi ya nyota yenye tundu katikati, maana skrubu za mashine hizi viwanda vimezitengeneza makusudi zisifunguke kwa bisibisi ya kawaida. Alipoinua kifuniko, mpwa wangu akaruka nyuma. Walitoka mende.

Msicheke, wasikilizaji. Mende hupenda giza na joto, na mashine ya gemu ina vyote viwili pamoja na matundu ya kupitia. Wanaingia, wanazaa, wanachafua, na uchafu wao huweza kuunganisha umeme pasipotakiwa. Ongeza vumbi la barabarani na hewa yetu ya pwani yenye chumvi, inayoshika kutu kila kilicho cha chuma. Feni ilikuwa inazunguka kwa taabu, na njia ya hewa imezibwa kwa tabaka la vumbi nene kama blanketi. Fundi akasema, "Mzee, sikudanganyi, mazabodi hii ni nzima. Kusafisha na kuweka grisi mpya ni elfu ishirini na tano. Feni imechoka, lakini ile mashine yenu iliyokufa, feni yake bado ni nzima. Nileteeni."

Ndivyo ilivyokuwa. Feni ya maiti ikapandikizwa kwa mgonjwa, na shilingi 25,000, yaani mapato ya siku tano ya mashine moja, zikairudisha kazini. Mpwa wangu alisimama pale mezani muda wote akishika taa. Niliona macho yake, nikajua kwamba siku hiyo alijifunza jambo.

Kutokana na mkasa huu nimejiwekea mambo manne, nami nawapa kama yalivyo.

La kwanza: jua ugonjwa kabla ya kuuliza bei. Maradhi mengi ya mashine hizi ni ya bei ndogo. Vumbi, grisi iliyokauka, feni iliyochoka, jicho la leza linaloshindwa kusoma diski, pawa saplai iliyopigwa na umeme uliorudi kwa nguvu, soketi ya waya wa televisheni iliyolegea kwa kuchomekwa na kuchomolewa: hayo yote fundi mwenye akili huyamaliza. Maradhi ya chipu kubwa ndiyo yenye kaburi. Fundi asiyefungua na kukuonyesha hajui ugonjwa, hata akitaja bei kwa sauti kubwa.

La pili: ulizeni kama vipuri vinakubaliana. Nilidhani mashine mbili za aina moja hubadilishana viungo vyote kama baiskeli. La hasha. Katika mashine nyingi za kizazi hiki, ubao mdogo wa kiendeshi cha diski umefungwa kwa ufunguo wa siri na mazabodi yake mwenyewe kiwandani. Ukikihamishia kiendeshi kizima kwenye mashine nyingine, kinakataliwa. Unaweza kuhamisha jicho la leza, ukauacha ule ubao wake pale pale ulipo. Hata diski kuu inayohifadhi kumbukumbu za michezo, mashine nyingine huitambua kama ngeni na kutaka ifutwe kwanza. Kwa njia hiyo wateja wa mdogo wangu walipoteza ligi yao ya miezi minane, pamoja na magoli yote waliyokuwa wakitambiana, siku ile mashine ya kwanza ilipokufa. Kwa hiyo mashine ikianza kuugua, nakilini kumbukumbu zenu ingali inawaka.

La tatu: usipime umri wa mashine kwa miaka yake tu, pima kwa kazi iliyobaki mbele yake. Kwa mwenye kibanda, kinachoizeesha mashine hasa ni mpira mpya. Vijana wanataka kuona mchezaji aliyehamia timu nyingine msimu huu amevaa jezi mpya. Mashine ya PlayStation 2 ilitoka Japani mwezi Machi mwaka 2000, na mchezo wa mpira wa FIFA uliendelea kutolewa kwa ajili yake mpaka ule wa FIFA 14, mwaka 2013. Iliyoifuata, PlayStation 3, ilitoka mwaka 2006, na FIFA ya mwisho kwake ilikuwa FIFA 19, ya mwaka 2018. Ya kwanza ilipewa miaka 13, ya pili 12. Mashine za mwaka 2013 bado zilitolewa mpira mpya mwaka 2025. Kwa hiyo mwenye kuhesabu anaona kwamba jioni imekaribia, ingawa jua halijazama. Hali hiyo inadai tengenezo dogo. Haidai kutia hela nyingi katika mazabodi mpya. Ama kwa mtu anayecheza nyumbani kwake na diski zake za zamani, hesabu ni nyingine kabisa: kwake mashine ya zamani ni ufunguo wa kabati lake, maana ile mpya huenda isizisome diski hizo. PlayStation 4, kwa mfano, haisomi michezo ya diski za PlayStation 3.

La nne: msitegemee kwamba kiwanda kitakuwapo daima kuwatengenezea. Kampuni ya Nintendo ya Japani ilianza kuuza mashine yake ya Famicom mwaka 1983. Iliendelea kuzitengeneza zilizoharibika mpaka mwisho wa Oktoba mwaka 2007, ikaacha kwa sababu vipuri vilikuwa vimekwisha. Hiyo ni miaka 24, na ni haki kuwasifu. Sony ilifunga dirisha la kutengeneza PlayStation 2 huko kwao Japani mwisho wa Agosti mwaka 2018, ingawa mashine hiyo ilikuwa imeuzwa zaidi ya milioni 150 ulimwenguni. Baada ya hapo anayebaki ni fundi wa mtaani, mwenye bisibisi na uvumilivu.

Na fundi huyo hasaidiwi sana. Jimbo la California huko Marekani lilipitisha mwaka 2023 sheria ya haki ya kutengeneza, iliyoanza kazi Julai mwaka 2024. Sheria hiyo inavitaka viwanda viwapatie wananchi na mafundi vipuri, vifaa na maelezo ya kutengenezea vyombo vya umeme. Ni sheria nzuri. Lakini mashine za gemu zimetolewa humo waziwazi. Hoja ya viwanda ni kwamba maelezo ya ndani yakitoka, wezi wa michezo watapata njia ya kunakili bila kulipa. Sisemi kwamba hoja hiyo ni ya uongo. Nasema tu kwamba feni, grisi na jicho la leza haviibi mchezo wa mtu.

Na msidhani kwamba moto ni adui wa mashine zinazopita mikononi mwetu tu. Kampuni ya Microsoft, tajiri kama ilivyo, ilitoa mashine yake ya Xbox 360 mwaka 2005. Nyingi zikaanza kufa na kuwasha taa nyekundu zenye umbo la duara. Julai mwaka 2007 kampuni ikakubali kuzitengeneza bure kwa muda wa miaka mitatu tangu siku ya kununuliwa, na ikatenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa kazi hiyo. Kama wahandisi wa Marekani walishindwa na joto katika nchi yenye theluji, sisi wa kaskazi tusione haya kuweka mashine mahali penye hewa. Mdogo wangu alikuwa ameifungia ndani ya kabati ili isiibiwe. Sasa imewekwa juu ya matofali mawili, imefungwa kwa mnyororo, pande zote wazi, na feni ya chumba inaipulizia pamoja na wachezaji.

Liko na suala la kutupa. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilisema kwamba katika mwaka 2022 ulimwengu ulizalisha tani milioni 62 za taka za vyombo vya umeme, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Nyingine huishia majalalani, watoto wakichoma waya kutafuta shaba na kuvuta moshi wake. Kila mashine inayoongezewa miaka miwili mezani kwa fundi imechelewesha moshi huo kwa miaka miwili. Lakini nisiwadanganye: mwenye njaa haamui kwa ajili ya moshi. Kilichonifanya niamue ni unga wa mdogo wangu na paa langu.

Basi nikamwita, tukakaa barazani, nikamwambia, "Mdogo wangu, laki saba na nusu sitakupa. Usinielewe vibaya." Alinyamaza. Nilijua imemuuma. Nikaendelea, "Endesha na hii moja. Weka kibubu, elfu moja na mia tano kila siku. Ukifika siku 100 njoo, nami nitaongeza."

Siku mbili hakunipigia simu. Siku ya tatu alinitumia mpwa wangu na samaki, nikajua amekubali.

Mwezi Machi nikaezeka paa, kwa kuwa mawingu hayamngoji mtu. Mashine ile moja ilifanya kazi kama punda. Vijana walipanga foleni, na kwa kuwa hakukuwa na nyingine, ikaingiza shilingi 6,500 kwa siku badala ya 5,000. Hazikufika 10,000. Walijinyima, na naomba nisilifiche jambo hilo, kwani tengenezo halikuwa dawa ya bure. Mwezi Juni kibubu kikavunjwa: 150,000. Ile mashine iliyokufa, baada ya kubakiza jicho la leza na pawa saplai kwa akiba, ikauzwa kwa fundi shilingi 30,000. Nami nikakopesha 200,000. Jumla 380,000.

Tukampata kijana anayeuza mashine yake iliyotumika. Safari hii mpwa wangu alikuja na masharti: haiwi mali yetu mpaka ifunguliwe kwa fundi mbele ya macho yetu na kuchezwa saa mbili mfululizo. Muuzaji wa kwanza alikataa, tukamwacha na mali yake. Wa pili alikubali. Ndani haikuwa na dalili ya kuchomwa, skrubu zake hazikuwa zimelika, na baada ya saa mbili ilikuwa ikipumua kwa utulivu. Tukalipa.

Leo mdogo wangu ana mashine mbili, moja iliyotengenezwa na moja iliyobadilishwa. Kwa hiyo mkiniuliza lipi bora, kutengeneza au kununua nyingine, nitawajibu kwamba nimefanya yote mawili, na kila moja lilikuwa sahihi kwa mashine yake. Iliyokuwa na vumbi tuliitengeneza. Iliyokufa chipu hatukuitia hata senti. Kosa lilikuwa pale nilipoamua kabla ya kujua.

Deni langu analilipa 2,000 kwa siku. Mpwa wangu kila mwezi hufungua mashine zote mbili, huzisafisha kwa brashi, na jirani mwenye kibanda kama hicho ameanza kumletea zake kwa malipo ya elfu tano. Wiki mbili zilizopita jicho la leza la mashine ya zamani lilianza kukataa diski. Wateja walikuwa wamejaa, Jumamosi jioni. Akaenda chumbani, akaleta lile la akiba, na kabla ya saa moja kwisha mechi iliendelea.

Siku itafika ambapo mpira mpya hautatolewa tena kwa mashine hizi, na siku hiyo tutazistaafisha kwa heshima, kama nilivyostaafishwa mimi. Kibubu kipya kimeshaanza kwa ajili ya siku hiyo. Kwa sasa, nanyi wenye mashine inayonguruma sebuleni, kabla ya kuitupa na kabla ya kuichoma, mwombeni fundi aifungue mbele yenu. Kama mna haya ya kuuliza kama niliyokuwa nayo mimi, kumbukeni kwamba haya yangu iligharimu mashine nzima.

Mpaka wiki ijayo, nawatakia kazi njema.